Sokoni Kidogo, Fundi!

Vumbi halina kichwa. Mkilishika hilo tu, vijana wangu, mtakuwa mmenizidi mimi nilivyokuwa mwaka wangu wa kwanza kazini. Moshi una kichwa: unaanzia mahali pembamba, kisha unatanuka kadiri upepo unavyousukuma. Vumbi huinuka shamba zima kwa mara moja, limetanuka tangu mwanzo, na ukilitazama kutoka angani unaona kama mtu amekung'uta shuka. Nilimweleza mjukuu wangu hayo juzi, naye ameshika simu yenye ramani ya mioto, vitone vyekundu vimetapakaa, akanijibu, "Bibi, hii inasema yenyewe kama ni moto." Nikamuuliza aliyeifundisha kusema ni nani. Akacheka, akaniongezea chai.

Basi nayaandika haya kwa ajili yake na wenzake, maana wao wana haraka na mimi nina muda. Nitawaeleza tulivyofuatilia moshi na vumbi la Bonde la Kilombero kwa picha za setelaiti, enzi ambazo Ifakara nzima kompyuta ungeweza kuzihesabu kwa vidole. Mengi ni ya kuchekesha. Moja si la kuchekesha sana, kwa sababu mdogo wangu Agata alikuwa ndani ya picha hiyo, na moto pande mbili. Nitalifikia, msinikimbize.

Mimi sikuajiriwa kusoma picha. Niliajiriwa kupiga chapa. Nilikuwa msichana wa Kipogoro kutoka Mahenge, nimemaliza kidato cha nne, masista wamenifundisha taipureta, na katikati ya miaka ya tisini mradi mmoja wa kuangalia mioto ya bondeni ulikuwa unatafuta karani. Ofisi yenyewe ilikuwa nyumba ya vyumba viwili mwisho wa Lipangalala, na uani kulikuwa na dishi kubwa kupita nyungo mbili za kupepetea. Mtaalamu wa kompyuta aliletwa kutoka Dar es Salaam. Alikaa nasi msimu mmoja, mbu wa Ifakara wakamshinda, akaomba uhamisho. Ikabaki kompyuta, likabaki dishi, akabaki Fundi Rashidi.

Fundi Rashidi alikuwa mtu wa Kigoma. Alikuja mashamba ya miwa akiwa kijana, akatengeneza redio na mota za pampu za watu wa huko mpaka akastaafu, ndipo akahamia Ifakara kwa wakwe zake. Alikuwa na hasira za karibu na kicheko cha karibu zaidi. Siku yule mtaalamu alipoondoka, Fundi alisimama mlangoni mwa chumba changu akanitazama nikipiga barua.

"Wewe binti, si unajua vitufe?"

"Vya taipureta, mzee."

"Vitufe ni vitufe. Njoo ukae huku."

Hivyo ndivyo nilivyopandishwa cheo. Mshahara ulibaki ule ule, lakini kiti cha huku kilikuwa na mto.

Sasa lieleweni dishi. Setelaiti zetu hazikuwa zile zinazotulia mahali pamoja angani, ukishazielekea umemaliza. Zetu zilikuwa zinapita. Ile ya alasiri ilichomoza upande wa Mahenge, ikakatiza juu yetu, ikazama kaskazini, na ukishaikosa umeikosa mpaka safari nyingine. Dishi lilitakiwa kuifuata likiizungukia kama alizeti na jua, na kazi hiyo ilikuwa ya mota. Mota ikafa masika ya kwanza. Maji na mchwa waligawana. Tukaandika kuomba nyingine, tukajibiwa iko njiani. Mpaka nastaafu ilikuwa njiani.

Fundi akachomelea bomba la maji nyuma ya dishi likawa mpini. Yeye anasimama uani anasukuma, mimi nimekaa ndani karibu na dirisha natazama kwenye kioo cha kompyuta jinsi mawimbi yanavyopanda na kushuka, nampigia kelele.

"Kushoto, fundi! Kushoto! Umepita, rudi!"

"Nirudi wapi? Sema kama mtu!"

"Kulia!"

"Kulia kwako au kwangu?"

Tulipoteza picha nyingi kwa ugomvi huo, mpaka tukaachana kabisa na kulia na kushoto. Upande mmoja ukawa "sokoni", upande wa pili "stesheni". Kila mtu mzima wa Ifakara anajua soko liko wapi hata akiwa amefumba macho. "Sokoni kidogo, fundi! Juu! Stesheni, stesheni, tulia hapo!" Kina mama waliokuwa wakipita na ndoo zao walisimama kutusikiliza. Haikupita muda nikawa nasalimiwa hivyo mjini. Jumapili moja nimo kwenye mstari wa komunyo, mama mmoja nyuma yangu akaninong'oneza, "Stesheni kidogo, dada Vero, umetoka kwenye mstari." Nilipokea mwili wa Bwana huku nimejiuma midomo.

Kabla ya setelaiti kufika, kagueni dishi. Hili halimo kwenye kitabu chochote. Kuku wa jirani alikuwa na mazoea ya kutagia humo, kwa sababu tukimaliza kazi tulilikalisha likitazama juu, na yeye aliona limewekwa kwa ajili yake. Kuna picha tuliyoituma makao makuu ina mistari myeupe kuanzia juu hadi chini, na wao wakaturudishia maelezo marefu kuhusu hitilafu za mawimbi. Hitilafu ilikuwa imetaga.

Halafu kuna suala la kichwa chini. Picha ya alasiri huanza kuingia kutoka kusini, mstari kwa mstari, kwa hiyo kwenye kioo chetu kusini ilikaa juu na kaskazini chini. Mahenge iko juu, Udzungwa iko chini, mashariki iko mkono wa kushoto. Kompyuta zenu zinaigeuza zenyewe. Sisi tulichapisha, tukageuza karatasi. Fundi alinisisitizia: usimwambie mtu aende mahali popote kabla hujageuza karatasi. Nililishika hilo kama sala ya jioni.

Na picha hazikuwa moja, zilikuwa mbili zikija pamoja. Ya kwanza ni picha ya mwanga, inaonyesha kile ambacho jicho lingeona kama lingekuwa huko juu: mawingu, moshi, maji yanayong'aa. Ya pili ni picha ya joto. Hiyo tuliipanga penye moto pawe peusi na penye baridi pawe peupe. Uzuri wa hiyo ya pili ni kwamba moshi hauizuii. Moshi unaweza kulifunika bonde zima, lakini joto lililo chini yake linapenya na kuandikwa. Mkiwa na picha ya mwanga peke yake mnaona moshi. Mkiwa na zote mbili mnaona moto.

Nilijua hayo kwa mdomo kabla sijayajua kwa kichwa. Oktoba ya mwanzo mwanzo niliona kitu kirefu cha kijivu upande wa Mngeta, nikasema moshi huo, mkubwa, nikakiita kikosi. Kikosi chetu cha kuzima moto kiliongozwa na Fidelis, Mndamba mrefu asiye na haraka, ambaye hata akikimbia unadhani anatembea. Wakapanda treni na mipira yao iliyofungwa kwenye fito, ile ya kupigia moto, wakashuka Mngeta wakiwa tayari kwa vita. Walikuta matrekta ya shamba kubwa la mpunga yanalima ardhi iliyokauka. Fidelis akamsimamisha dereva mmoja, mwekundu kwa vumbi kuanzia nyusi hadi viatu.

"Kaka, moto uko wapi?"

"Moto gani tena? Mnataka kiberiti?"

Wakarudi na treni ya usiku. Fidelis alinisalimu vizuri tu, akaweka mbele yangu kifuko cha nailoni kilichojaa udongo wa Mngeta. "Moshi wako huu hapa," akasema. Siku hiyo ndipo Fundi aliponiketisha na kunionyesha kwamba vumbi halina kichwa, na zaidi ya hapo, kwamba mkia wa vumbi kwenye picha ya joto hauna doa jeusi mwanzoni mwake.

Mkidhani nilikoma, hamjanijua. Juni iliyofuata nikaona madoa meusi kabisa kwenye picha ya joto, upande wa Namawala, nyandani. Safari hii kulikuwa na joto, basi ni moto. Fidelis na wenzake wakaenda kwa miguu sehemu ya mwisho, nyasi zimewafika mabegani, wakatokea kwenye bwawa lililoachwa na mafuriko, maji yametulia, jua limelala juu yake. Hapakuwa na cheche. Kumbe jua likiangukia maji kwa pembe fulani, yale maji hulirudisha angani kwa nguvu, na setelaiti inalichukulia kama moto. Sehemu yenye mabwawa na majaruba kama kwetu, kosa hilo linakungoja kila mwaka.

Walikuwa wamechoka, wakaamua kuvua. Jioni walipita ofisini na kambale wamewachoma vizuri, wamewafunga kwenye majani.

"Dada Vero," Fidelis akasema, "moto tumeuzima. Hawa ndio majeruhi."

Fundi Rashidi alicheka mpaka akakaa chini. Kisha alipomaliza kula akanifundisha: ukiona doa jeusi penye maji, rudi kwenye picha ya mwanga. Kama ni jua linachezea maji, litang'aa na huko pia. Kama huko hakung'ai, basi ni moto, usiuonee aibu. Nilijifunza, lakini kwa Fidelis jina langu lilikuwa limeshachafuka. Kila nikimpigia redio kumweleza habari za moto, alianza kwa kuuliza kama aje na ndoana.

Kuna moshi mmoja ambao hatukuuitia mtu. Ni ule wa mashamba ya miwa, kaskazini huko, ambako huchoma miwa kabla ya kuikata ili majani makavu yaishe na wakataji waone wanapokata. Ulitokea msimu mzima, na Fundi aliutambua bila kugeuza karatasi. "Huo acha," alikuwa akisema, "huo uko kazini." Halafu alikaa akiutazama. Siku moja aliniambia hapo kwenye hako ka mkia ka kijivu ndipo alipouachia ujana wake, pamoja na watu wa kila mkoa na kila dini, wakila sufuria moja. Nilimwonea huruma kidogo, naye akaniona, akanifokea nikakague kuku.

Sasa Agata.

Mwaka ninaousema kiangazi kiliuma mapema. Kufikia Oktoba bonde lilikuwa limejaa moshi kama jiko lisilo na dirisha. Asubuhi huioni Udzungwa. Nguo ukianika zinanuka moshi kabla hazijakauka. Zamani watu walitucheka kwamba moto tunaouona kwenye kompyuta wao wameshauona kwa macho yao bure. Mwaka huo macho hayakumsaidia mtu, kwa sababu moshi ulikuwa kila upande na hakuna aliyeweza kusema unatoka wapi.

Mdogo wangu alikuwa mchuuzi wa samaki. Alifuata kambale na perege wa kukausha kwenye kambi za wavuvi huko nyandani, akawaleta mjini kwa baiskeli. Mfupi, mbishi, sauti yake inasikika ng'ambo ya mto. Wiki hiyo alikuwa kwenye kambi moja mbele ya Namawala. Asubuhi moja zikaja habari kwamba moto umeanza kusini mwa kambi na upepo unauleta. Fidelis na kikosi chake walikuwa wameshaondoka kwenda kuwatoa watu, na redio ya mgongoni wameichukua. Mimi nilibaki kwenye kiti changu, na nawaambieni ukweli, sikumbuki nilikula nini siku hiyo wala kama nilikula.

Saa nane ilipopita kidogo redio ikaita.

"Dada Vero, tumewakuta. Wavuvi, kina mama, watoto. Moto uko kusini kwetu, tunausikia unavyopasua matete. Mbele hatuoni hata hatua chache. Nataka niwapitishe kaskazini, njia ya Namawala, ndiyo fupi. Ova."

"Agata yupo?"

"Yupo. Anagombana na mtu, hataki kuacha baiskeli. Ova."

Nilicheka, na katikati ya kicheko machozi yakanitoka.

"Fidelis, ningoje. Setelaiti inakuja sasa hivi."

"Dada, moto haungoji."

"Muda wa maji ya ugali kuchemka tu. Nakuomba. Ova."

Umeme ulikuwa umekatika, tunatumia jenereta, nalo liko uani linanguruma karibu kabisa na dishi. Na dishi lenyewe lilikuwa gonjwa. Boliti iliyobeba uzito wake ilikatika siku chache kabla, na Fundi alikuwa amelifunga kwa kamba ya katani akisubiri kupata nyingine. Setelaiti ikachomoza, mawimbi yakaanza kupanda kwenye kioo, kamba ikakatika. Niliona kupitia dirishani dishi likiinama. Niliona Fundi Rashidi, mzee wa watu, akiingiza bega chini yake na kulinyanyua.

"Mzee!"

"Usinitazame mimi! Tazama kioo! Sema!"

"Juu! Juu, fundi! Sokoni kidogo! Hapo! Sokoni tena!"

Akawa analipeleka lile dishi kwa bega na mikono, taratibu, kama anavyobebwa mgonjwa. Picha ikaingia mstari baada ya mstari. Mahenge safi. Kisha bonde, na kwenye picha ya mwanga hakuna bonde, kuna moshi tu kutoka ukingo hadi ukingo. Nikahamia ya joto. Doa refu jeusi likajichora, ule moto wa kusini tuliokuwa tunaujua. Mashariki yake ukanda mweupe, mto na matete mabichi, penye baridi. Mistari ikaendelea. Ndipo nikaona doa jingine jeusi, kaskazini mwa kambi, limelala sawasawa juu ya njia ya Namawala.

Moto wa pili. Nani aliuwasha hatukujua mpaka leo, na simsingizii mtu. Ulikuwa ndani ya moshi wa ule wa kwanza, moshi juu ya moshi, kwa hiyo aliyeko chini asingeweza kuuona mpaka auingie.

Nililikumbuka bwawa. Nitakuwa mwongo nikisema sikulikumbuka. Nikarudi kwenye picha ya mwanga kama nilivyofundishwa: hakuna kinachong'aa hapo, ni moshi mzito, na jua haliwezi kuchezea maji likiwa limefunikwa hivyo. Halafu Oktoba, pale pana maji gani? Kuchapisha na kugeuza karatasi sikuwa na nafasi, kwa hiyo nilisimama, nikageuka, nikainama nikakitazama kioo kwa kupitia katikati ya miguu yangu. Kaskazini ilikuwa kaskazini. Kama kuna mtu aliyenichungulia dirishani wakati ule, naomba anisamehe.

"Fidelis, usiende kaskazini. Kuna moto mwingine kwenye njia ya Namawala, umefichwa na moshi. Wapeleke mashariki, mtoni. Ova."



"Dada Vero. Isije ikawa kama ule wa bwawani."

"Si kama ule."

"Njia ya mtoni ni ndefu, ina matete. Nina watoto wa watu hapa."

"Najua. Na mimi nina mdogo wangu hapo. Ningekuwa na shaka ningekwambia nina shaka. Mashariki, Fidelis."

Ndipo nikasikia, mbali kidogo na redio lakini vizuri kabisa, sauti ya Agata, ile ya ng'ambo ya mto: "Dada akisema mashariki ni mashariki! Bebeni watoto, twendeni!" Redio ikafungwa.

Nimengoja mengi maishani. Nimengoja matokeo ya mtihani, nimengoja leba, nimengoja mume aliyekuwa safarini bila kuandika. Sijapata kungoja kama nilivyongoja pale. Nilijiambia nimewatuma kwenye matete makavu. Nilijiambia nimeisoma picha vibaya. Nilitazama yale madoa mawili mpaka yakawa yanacheza. Nilisali rozari bila rozari, nikapoteza hesabu, nikaanza upya.

Vijana wangu, hapa ndipo ninapotaka mnisikilize. Siku moja na nyinyi mtakuwa mmekaa mbele ya kioo na mtu mwingine atakuwa kwenye moshi. Atakuuliza una hakika. Usimjibu kwa sauti ya kujiamini, mjibu kwa kile ulichokikagua. Fidelis aliniambia baadaye kwamba hakunifuata kwa sababu nilisema mashariki. Alinifuata kwa sababu nilisema ningekuwa na shaka ningemwambia.

Jua lilikuwa limeinama redio ilipoita tena.

"Dada Vero, tuko mtoni, maji ya magoti. Wote. Upepo umefunua kidogo, tumeuona ule mwingine. Umekaa pale pale tulipokuwa tupite." Nilimsikia anavuta pumzi. "Pale pale, dada. Ova."

Nilijibu asante. Nikaweka kichwa juu ya meza, nikalia kwa sauti, nikanyanyuka nikatoka nje nimtafute Fundi tushangilie.

Alikuwa bado amelishika. Jenereta lilikuwa likinguruma sikioni mwake, hakuwa amesikia lolote tangu nilipoacha kumpigia kelele, si redio, si kilio changu. Amesimama vile vile, bega chini ya dishi, uso umeelekea kaskazini ambako setelaiti ilizama zamani, shati limelowa, miguu inatikisika.

"Fundi! Imeshapita!"

"Imepita lini?"

"Imepita kitambo! Wametoka wote!"

"Mbona hukuniambia niache?"

Nikaingia chini nikamsaidia kulishusha. Vidole vyake vilikuwa vimegandamana kwenye bomba, nikavifungua kimoja kimoja, naye ananifokea kwamba naviumiza, huku anacheka.

Agata alifika ofisini giza likianza, na kikosi, kwa miguu, mweusi kwa masizi kuanzia kichwani. Baiskeli ilibaki huko, na samaki wote. Nilinyoosha mikono nimkumbatie. Alinipita. Akamwendea Fundi Rashidi, aliyekuwa amekaa kwenye kiti na mikono imelala mapajani kama si yake. Nilikuwa nimemwekea chai mbele yake, ikapoa, kwa sababu kila alipojaribu kukinyanyua kikombe mikono ilikataa, na nilipotaka kumnywesha mimi alinifukuza.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kumbe ndiye wewe uliyekuwa unagombania baiskeli."

"Ndiye mimi."

Agata akaimwaga chai iliyopoa, akamimina ya moto, akapiga magoti mbele yake. Akaipuliza. Akamsogezea kikombe mdomoni, na Fundi Rashidi, ambaye hakuwahi kukubali mtu yeyote ambebee hata mfuko wake wa spana, akanywa kidogo kidogo mpaka ikaisha, akaomba nyingine.